Chungu Kilichochacha: Makosa ya Mwanagenzi katika Upikaji wa Pombe ya Mtama

Katika kata ya Nkuhungu, jijini Dodoma, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Ugogo, pombe ya nafaka ingali inapikwa majumbani. Nchi hii ya nyanda za kati hupata mvua msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, na wastani wake ni chini ya milimita 600 kwa mwaka. Kwa sababu hiyo mtama na uwele, ambavyo huvumilia ukame kuliko mahindi, ndivyo nafaka za kutegemewa tangu zamani. Na katika nafaka hizo hutoka pombe ambayo Wagogo huiita ujimbi. Pombe hiyo haikosi katika harusi na matambiko, wala katika kazi za kuitana shambani. Vilevile ni chanzo cha fedha kwa akina mama wengi, ambao hununulia daftari na sare za watoto kwa faida ya mtungi mmoja.

Mathalani, mama kijana ameamua kuanza kupika. Amewahi kumtazama shangazi yake akipika, lakini hajawahi kupika peke yake. Ananunua debe moja la mtama, anaazima pipa, anaanza kazi. Chungu cha kwanza hakipati utamu wala ukali. Siku ya tatu kinakuwa kichachu mno. Cha pili kinatoka vizuri, lakini wateja wanapofika kinanuka siki. Cha tatu hakifiki hata jikoni, kwa kuwa kimea chote kimeota ukungu. Madebe matatu ya nafaka, ambayo yangelisha nyumba kwa majuma kadhaa, yamepotea. Majirani wanasema ana mkono mbaya, naye mwenyewe anaanza kuamini hivyo.

Sayansi ina jawabu jingine. Chungu kilichoharibika kina sababu, na aghalabu sababu hiyo huacha alama inayoweza kusomeka katika ladha, harufu, rangi na uzito wa kinywaji. Mwanagenzi anayejua kuzisoma alama hizo hupoteza debe moja tu, si matatu. Lakini yako pia makosa machache ambayo mtu hapaswi kuyangoja yamfundishe, kwa kuwa huua. Makala haya yanaeleza aina zote mbili.

KAZI TATU NDANI YA CHUNGU KIMOJA

Nafaka haina kileo, wala haina sukari nyingi. Hazina yake kubwa ni wanga. Ili wanga huo uwe pombe, hapana budi kazi tatu zifanyike, na kila kazi ina mfanyakazi wake.

Kazi ya kwanza ni kugeuza wanga kuwa sukari. Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya vilivyomo katika kimea, yaani nafaka iliyooteshwa. Mwaka 1833 Wafaransa wawili, Payen na Persoz, walipata katika maji ya kimea cha shayiri kitu kilichoweza kuyeyusha wanga na kuufanya sukari. Hicho kilikuwa miongoni mwa vimeng'enya vya kwanza kutambuliwa na wanasayansi, ingawa wapishi wa pombe walikuwa wamekitumia kwa maelfu ya miaka bila kukipa jina.

Kazi ya pili ni kugeuza sehemu ya sukari kuwa asidi, ile inayoipa pombe ya mtama uchachu wake wa kuburudisha. Hiyo hufanywa na bakteria wa aina moja na wale wanaogandisha mtindi. Uchachu huo una faida zaidi ya ladha, kwa sababu huwazuia bakteria wengi wa magonjwa wasistawi.

Kazi ya tatu ni kugeuza sukari kuwa kileo na gesi ya kabonidayoksaidi. Mfanyakazi wake ni hamira, kiumbe kidogo kisichoonekana ila kwa hadubini. Louis Pasteur alieleza kazi hiyo katika kitabu chake juu ya bia kilichotolewa mwaka 1876, akaonyesha pia kwamba pombe inayoharibika huharibiwa na vijidudu vya aina nyingine vilivyoingia bila kualikwa.

Makosa mengi ya mwanagenzi hutokana na jambo moja: kutojua kwamba wafanyakazi hawa watatu hawapendi joto lilelile. Vimeng'enya hutaka joto kali, kiasi cha nyuzi 60 hadi 70 za sentigredi. Bakteria wa uchachu hustawi katika vuguvugu, na baadhi yao huvumilia hata nyuzi 45 au 50. Hamira hutaka joto la kawaida la chumba chenye hewa nzuri, nyuzi 25 hadi 30. Anayewaita wote kwa wakati mmoja hupata mgomo.

KOSA LA KWANZA: KIMEA KIBAYA

Kimea ndicho msingi, na msingi mbovu hauna dawa. Punje inapolowa na kuanza kuota, hutengeneza vimeng'enya ili imeng'enye wanga wake na kuilisha chipukizi. Mpishi huiba hazina hiyo kabla mmea haujaila. Akiwahi mno, vimeng'enya bado ni vichache. Akichelewa, mmea umekula wanga na kilichobaki ni makapi.

Mwanagenzi huanza vibaya sokoni. Nafaka ya zamani, iliyotobolewa na fukusi au iliyolowa ghalani, haioti sawasawa. Na punje zisizoota hazikai bure bali huoza, zikaambukiza zile zinazoota. Jaribio lake ni rahisi. Hesabu punje 100, uzifunge katika kitambaa chenye unyevu, uzihesabu tena baada ya siku tatu. Zikiota 90 au zaidi, nafaka inafaa. Zikiota 60, mfanyie uji wa kawaida yeyote atakayeutaka, lakini usifanye kimea. Yafaa ikumbukwe pia kwamba mbegu za dukani zilizotiwa dawa ya kuua wadudu au kuvu, ambazo mara nyingi hupakwa rangi ili zitambulike, ni sumu. Hazifai kwa pombe wala kwa chakula, hata zikioshwa mara kumi.

Nafaka nzuri hulowekwa saa 12 hadi 24, maji yakibadilishwa mara moja au mbili, kwa kuwa punje iliyo majini huhitaji hewa kama kiumbe kingine chochote. Kisha huchujwa na kutandazwa juu ya gunia safi katika tabaka jembamba, ikafunikwa na gunia jingine lenye unyevu. Hapo ndipo mwanagenzi hukosea zaidi. Nafaka inayoota hutoa joto. Ikirundikwa kwa wingi, katikati ya rundo huwaka joto kiasi cha kuua chipukizi na kukaribisha ukungu, hali juu yake ni kukavu. Hivyo hapana budi igeuzwe asubuhi na jioni, na kunyunyiziwa maji kidogo, si kumwagiwa. Katika joto la Dodoma kazi hiyo humalizika kwa siku 3 hadi 5.

Kimea cha mtama kina hatari moja ambayo kimea cha shayiri hakina. Chipukizi la mtama lina kemikali iitwayo durini, ambayo likipondwa au kutafunwa hutoa sianidi, sumu kali sana. Wafugaji huijua sumu hiyo, kwa kuwa ng'ombe aliyeingia katika mtama mchanga aweza kufa kwa muda mfupi. Kwa hiyo kimea cha mtama hakiliwi kibichi. Hukaushwa vizuri juani, kisha husuguliwa kwa mikono na kupepetwa ili vichipukizi na vijizizi vitoke. Pombe yake nayo huchemshwa bila kifuniko. Sianidi huchemka kwenye nyuzi 26 tu, nayo huruka pamoja na mvuke. Kifuniko huirudisha chunguni. Kimea cha ulezi hakina hatari hiyo kwa kiasi cha kutia wasiwasi, tena kina nguvu nzuri ya kutengeneza sukari. Ndiyo maana wapishi wengi wa Afrika Mashariki hukitumia hata pale ambapo uji wenyewe ni wa nafaka nyingine.

Iko tofauti pia kati ya mtama na mtama. Aina fulani za mtama zina tanini nyingi katika ganda la ndani. Ndege huuogopa mtama huo kwa ukali wake, na mkulima huupenda kwa sababu hiyohiyo. Lakini tanini huvikamata vimeng'enya na kuvilemaza, na pombe yake haipati utamu. Kusini magharibi mwa Uganda wakulima waligundua dawa yake tangu zamani: huloweka mtama huo katika maji ya majivu ya kuni kabla ya kuuotesha, na majivu hayo huzipunguza nguvu tanini. Mtama mweupe, kama ule wa aina ya Macia unaolimwa sana nyanda za kati, hauna tatizo hilo. Si kila mtama mwekundu wenye tanini, lakini mwanagenzi atakuwa salama zaidi akianza na mweupe.

KOSA LA PILI: JOTO LISILOPIMWA

Chungu cha kwanza cha mama wa Nkuhungu kiliharibika hapa. Aliona uji unatokota, akatia kimea chote mara moja. Vimeng'enya havistahimili moto wa namna hiyo. Kwa dakika chache tu vilikuwa vimekwisha kuharibika, kama ute wa yai unavyoganda na usirudi tena hali yake. Wanga ukabaki wanga. Hamira ikakosa chakula, na bakteria wa uchachu wakatumia kile kidogo kilichokuwapo. Alama ya kosa hili ni uji unaobaki mzito na usio na utamu.

Kosa la upande wa pili ni kutia kimea katika uji uliokwisha kupoa. Hapo vimeng'enya viko hai, lakini hufanya kazi polepole mno, na bakteria huwahi kabla yao. Alama yake ni uchachu mkali unaokuja mapema, kabla utamu haujaonekana.

Msomaji aliyewahi kusoma vitabu vya Ulaya juu ya bia ya shayiri aweza kupotoka kwa njia nyingine. Vitabu hivyo huagiza kimea chote kichanganywe na maji ya nyuzi 65 hivi bila kupikwa kwanza. Kwa shayiri ni sawa, kwa kuwa wanga wake hulegea kwenye nyuzi 60 hivi. Wanga wa mtama ni mkaidi zaidi. Hauanzi kulegea sawasawa mpaka ukaribie au upite nyuzi 70. Wanga usiolegea ni ghala lililofungwa, na vimeng'enya havina ufunguo. Ndiyo sababu bibi zetu hupika uji kwanza, wakaupoza, ndipo wakatia kimea. Utaratibu wao haukuwa desturi tupu. Ulikuwa jawabu sahihi kwa nafaka yao.

Je, asiye na kipimajoto atafanyaje? Hesabu ndogo yatosha. Dodoma ipo kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Maji yaliyokaa mtungini kivulini huwa na nyuzi 24 hivi. Ndoo mbili za uji unaotokota zikichanganywa na ndoo moja ya maji hayo, wastani wake ni mbili mara 96, jumlisha 24, gawanya kwa tatu: nyuzi 72. Chombo nacho hunyonya joto kidogo, na unga wa kimea hunyonya jingine, hivyo mchanganyiko hutulia katikati ya nyuzi 65 na 70. Hapo ndipo hasa vimeng'enya vinapotaka. Maji hayo ya kupozea yawe yamechemshwa jana yake na kupozwa, yasiwe ya kisimani moja kwa moja.

Kimea kikitiwa katika joto hilo na kukorogwa vizuri, mwanagenzi ataona jambo la kufurahisha: kwa muda mfupi uji mzito hulegea, ukawa mwepesi kama maziwa. Ni wanga unakatwa vipande. Chungu kifunikwe kwa magunia kwa saa moja au mbili ili joto lisiponyoke, kisha pombe ionjwe. Ikiwa tamu, kazi ya kwanza imekwisha. Mwenye kutaka uhakika zaidi aweke tone moja la pombe juu ya sahani nyeupe na kulitilia tone la iodini ya duka la dawa. Rangi ya buluu iliyokoza yaonyesha kwamba wanga ungali mwingi. Rangi hiyo ikififia, sukari imepatikana. Pombe ya mtama haikosi wanga kidogo, na ndio unaoipa uzito wake, kwa hiyo buluu hafifu isimtie mtu hofu. Tone lililojaribiwa litupwe.

Baada ya utamu kupatikana, pombe hurudishwa motoni na kuchemshwa wazi. Vimeng'enya sasa vimemaliza kazi na havihitajiki tena, na moto huwaondoa bakteria waliokuwa wakisubiri nafasi.

KOSA LA TATU: HAMIRA ISIYOJULIKANA

Hamira huingia chunguni kwa njia nyingi. Hukaa katika vinyweleo vya chungu cha udongo, katika sira ya pombe iliyopita, katika kimea kibichi na hata hewani. Mpishi mkongwe ambaye chungu chake hupika pombe nzuri kila juma ana kundi la hamira alilolifuga bila kujua, kama mfugaji anavyofuga mbegu bora ya ng'ombe. Mwanagenzi anayeanza kwa pipa la kuazima hana kundi hilo. Anapokea chochote kitakachokuja.

Jambo hili liliwahi kuwasumbua hata wakubwa wa kazi. Katika kiwanda cha Carlsberg, Copenhagen, bia iliharibika na sababu yake haikueleweka. Emil Christian Hansen, mtaalamu wa maabara ya kiwanda hicho, alionyesha kwamba hamira ya mwituni ilikuwa imechanganyika na hamira njema. Mwaka 1883 alifaulu kuotesha hamira kutokana na chembe moja tu, ikawa safi kabisa, na kiwanda kikaigawa kwa wengine pia. Kama kiwanda chenye wataalamu kilihitaji kuharibikiwa ili kijifunze, mama wa Nkuhungu hana sababu ya kuona haya.

Mwanagenzi aombe sira mbichi ya pombe nzuri kwa mpishi anayeaminika, au atumie hamira ya mkate ya dukani, ambayo ni ya ukoo uleule, Saccharomyces cerevisiae. Kijiko kimoja cha chai chatosha ndoo ya lita 20. Isitiwe kabla pombe haijapoa kiasi ambacho ubavu wa chombo ukiguswa huhisiwa vuguvugu tu, kwa kuwa joto la nyuzi 50 huiua.

Majira nayo yana neno. Mwezi wa Julai usiku wa Dodoma ni baridi, mara nyingi chini ya nyuzi 15, na hamira husinzia. Mwanagenzi hudhani imekufa akaongeza nyingine, au akauza pombe ambayo haijaiva. Chombo kisogezwe penye joto na kuvikwa magunia. Mwezi wa Novemba joto la mchana hupita nyuzi 30, pombe huiva haraka na kuchacha haraka vilevile. Basi siku za kuiva hazihesabiwi kwa kalenda peke yake. Mapovu ndiyo hueleza: yakiwa mengi, kazi inaendelea, yakipungua, pombe imeiva.

KOSA LA NNE: CHOMBO NA KIFUNIKO

Pombe ya mtama ni kali kwa asidi, na asidi hula madini. Kusini mwa Afrika, kuanzia miaka ya 1920, madaktari waliona watu wazima wengi ambao maini yao yalijaa chuma kupita kiasi. Uchunguzi wa miaka iliyofuata uliihusisha hali hiyo na pombe iliyopikwa katika mapipa na vyungu vya chuma, iliyonyweka kwa wingi mwaka hadi mwaka. Ndoo na mapipa ya mabati nayo hutoa zinki, inayoleta kichefuchefu na kutapika. Chungu cha udongo, sufuria isiyoshika kutu, au ndoo ya plastiki iliyotengenezwa kwa chakula ndivyo vyombo vya kutumia. Pipa lililowahi kubeba dawa ya mimea, mafuta au kemikali halitumiki kamwe. Plastiki hunyonya sumu, na sabuni haiifikii.

Kuhusu kifuniko, mwanagenzi hukosea pande zote mbili. Chungu cha pili cha mama yule kiliachwa wazi. Wakati wa mapovu gesi ya kabonidayoksaidi hufunika uso wa pombe kama blanketi. Mapovu yakikoma, hewa hushuka, na bakteria wa siki, ambao hawafanyi kazi bila hewa, hugeuza kileo kuwa asidi ya siki. Inzi wadogo wa matunda huwabeba bakteria hao miguuni. Alama ya kosa hili ni harufu kali ya siki katika pombe iliyokuwa njema jana.

Wengine, kwa kuogopa siki, huitia pombe inayochacha katika chupa na kuikaza kizibo. Hilo ni baya zaidi. Gramu 10 za sukari zilizobaki katika lita moja ya pombe hutoa zaidi ya lita mbili na nusu za gesi. Gesi hiyo haina pa kwenda, na chupa ya kioo hupasuka kama bomu dogo. Dawa yake ni kifuniko kilichoegeshwa, kinachozuia inzi na kuruhusu gesi kutoka. Na pombe inyweke au iuzwe katika siku moja hadi tatu. Pombe ya mtama ni kinywaji hai, haikuumbwa kukaa ghalani.

MAKOSA YASIYO NA MARUDIO

Makosa yaliyoelezwa hadi hapa hugharimu nafaka na jasho. Mengine hugharimu watu.

Mwezi wa Januari 2015, katika mji mdogo wa Chitima, mkoani Tete, Msumbiji, watu waliokuwa msibani walikunywa pombe ya nafaka. Wakafa 75, na wengine wengi wakaugua. Uvumi wa kwanza ulikuwa kwamba mtu alitia nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ulionyesha mambo mengine: pombe ilikuwa na asidi ya bongkreki, sumu itengenezwayo na bakteria aitwaye Burkholderia gladioli, na unga wa mahindi uliotumika ulikuwa umeharibika. Sumu hiyo haina ladha wala harufu ya kumwonya mnywaji, na moto wa jikoni hauiondoi. Palepale ambapo watu walitafuta mkono wa mbaya wao, mkosaji alikuwa unga ambao ulistahili kutupwa.

Dodoma yenyewe ina kumbukumbu yake. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilikumbwa na ugonjwa uliosababishwa na sumukuvu, sumu ya kuvu wanaoota katika mahindi na nafaka nyingine zisizokaushwa au kuhifadhiwa vizuri. Watu 68 waliugua, na 20 kati yao wakafariki. Sumukuvu nayo haimalizwi kwa kuchemsha, na sehemu yake huingia katika pombe. Ipo desturi mbaya ya kusema kwamba nafaka isiyofaa kwa ugali yafaa kwa pombe. Desturi hiyo iachwe. Kimea chenye ukungu wa kijani, mweusi au wa rangi ya waridi hakioshwi wala hakipepetwi. Hufukiwa shimoni, mbali na kuku na mbuzi. Kwa maana hiyo mama wa Nkuhungu alipokitupa kimea chake cha tatu, alifanya jambo sahihi kuliko yote aliyoyafanya tangu aanze.

Liko pia kosa la kuongeza ukali. Pombe ya nafaka isiyokenekwa haina methanoli ya kudhuru. Methanoli inayopofusha na kuua huingia pale mtu anapotia spiriti ya viwandani ili kinywaji kionekane kikali. Kukeneka gongo nyumbani ni jambo jingine tena, ambalo sheria ya Tanzania ya mwaka 1966 ilikataza lisifanywe bila kibali. Hata pombe ya kawaida, ikipikwa kwa kuuzwa, ina masharti ya leseni ambayo mwanagenzi ayaulize kwenye ofisi ya kata kabla ya kuwasha moto.

JINSI YA KUULIZA CHUNGU

Mwanagenzi aliyeharibikiwa hutamani kubadili kila kitu: nafaka mpya, pipa jipya, kuni nyingine, siku nyingine. Pombe ikitoka njema hatajua ni kipi kilichomsaidia; ikitoka mbaya hatajua ni kipi kilichomponza. Kanuni ya maabara ni kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja, na jikoni kanuni ni hiyohiyo.

Njia nyepesi ni kugawa. Badala ya kupika debe zima, apike uji wa kilo mbili, augawe katika ndoo mbili zilizo sawa. Moja itiwe kimea uji ukiwa moto wa nyuzi 70, nyingine ukiwa umepoa. Zionjwe baada ya saa mbili. Tofauti itajieleza yenyewe, na hasara haizidi kilo moja. Juma linalofuata agawe tena, safari hii kwa kulinganisha hamira ya mkate na sira ya jirani. Kila mara aandike katika daftari: nafaka ilitoka wapi, zilikuwa punje ngapi zilizoota kati ya 100, kimea kilioteshwa siku ngapi, kilitiwa uji ukiwa na joto gani, mapovu yalianza lini, ladha ilikuwaje. Asiyejua kuandika anaweza kumwagiza mwanawe wa shule. Baada ya miezi michache daftari hilo litakuwa na thamani kuliko pipa.

Wazee waliojua kazi hii hawakuwa na daftari, lakini walikuwa na miaka mingi ya vyungu vilivyoharibika, vya kwao na vya mama zao. Mwanagenzi akae nao, aulize si tu wafanyavyo bali pia kilichowahi kuwaharibikia. Mpishi hodari huwa tayari kueleza chungu chake kibaya kuliko anavyokuwa tayari kutoa siri ya chungu chake kizuri.

ZAIDI YA POMBE

Wako wasomaji wasiokunywa pombe kwa imani yao au kwa afya, na wako wasiopaswa kuinywa kabisa, kama watoto na wajawazito. Elimu ya kimea inawafaa wao pia. Togwa hutengenezwa kwa hatua zilezile mbili za mwanzo, uji kisha kimea, na hunywewa tamu au ikiwa na uchachu kidogo kabla hamira haijafanya kazi. Mwanagenzi anayetaka kujifunza joto la kimea bila hasara kubwa na aanze na togwa. Ikiharibika ni sufuria moja.

Katika miaka ya 1980 watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, pamoja na wenzao, walionyesha faida nyingine. Mtoto mdogo hushindwa kula uji mzito, na uji mwepesi wa maji mengi humjaza tumbo pasipo kumshibisha mwili. Kijiko kidogo cha unga wa kimea kikitiwa katika uji mzito ulio moto, uji hulegea bila kuongezwa maji, na mtoto hupata chakula kingi zaidi katika bakuli lilelile. Kwa kazi hiyo kimea cha ulezi ndicho bora, kwa sababu ya hatari ya sianidi iliyokwisha elezwa. Na uji ukishalegea urudishwe motoni uchemke tena kabla mtoto hajapewa.

Basi madebe yale ya Nkuhungu hayakuwa hasara tupu. Anayejua kwa nini chungu chake kilichacha anajua jinsi nafaka inavyoota, jinsi wanga unavyolegea, ni joto gani linalojenga na lipi linaloua, na ni unga upi usioingia chunguni hata ukitolewa bure. Elimu hiyo itamfaa siku ya pombe, nayo itamfaa zaidi asubuhi yake, anapomkorogea mtoto uji.